Mama Anafanya Kazi Saa Ngapi, na Mtoto Amembebesha Nani?

 

Mwaka nilioingia chuo kikuu nilijaza fomu ya mkopo wa masomo. Fomu ikauliza kazi ya baba, nikaandika: kibarua bandarini. Ikauliza kazi ya mama. Nikaandika mbio mbio, bila kufikiri: mama wa nyumbani, hafanyi kazi. Na wallahi, wakati naandika hivyo vidole vyangu vilikuwa na unga, kwa sababu nilikuwa jikoni namsaidia huyo mama asiyefanya kazi kusukuma mahamri ya watu.

Hebu tumhesabie saa zake. Baada ya isha hukanda unga, saa nzima. Saa 9 za usiku ameshaamka, karai iko motoni, na mpaka saa 2 asubuhi anauza mahamri na mbaazi pale kwenye kona ya mtaa wetu. Hapo katikati apike, afue, aende sokoni. Saa 9 alasiri anatoka tena na viazi karai mpaka saa 1 usiku. Hizo za biashara peke yake ni saa 10 kwa siku, na Jumapili pia watu hula mahamri, kwa hivyo ni saa 70 kwa wiki. Kanuni ya mishahara ya Kenya inamwekea mfanyakazi wa kawaida wa mchana saa 52 kwa wiki. Yaani mama amempita mtu wa ofisini kwa saa 18, na binti yake msomi ameandika hafanyi kazi!

Kuanzia siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili. Kwenye darsa zetu za vijana kila mwaka huzuka suali: yafaa mama kufanya kazi? Mimi si sheikh na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini mwanafunzi wa historia akisikia suali hilo hushangaa, maanake linaulizwa kana kwamba mama zetu walikuwa wamekaa kitako mpaka jana. Ukifungua historia utakuta mama amefanya kazi siku zote. Kilichobadilika ni pahali pa kazi, saa ya kazi, na mtu anayembebea mtoto.

Tuanzie mbali kidogo. Wengi wetu tumesoma habari za Bi Khadija bint Khuwaylid (radhi za Allah ziwe juu yake) kama mfanyabiashara wa Makka. Jambo ambalo hatulitilii maanani ni namna biashara yake ilivyokwenda. Misafara ya Sham ilikwenda na mali yake, yeye hakwenda. Alikuwa akiwakodi wanaume wa kusafiri, na ndivyo alivyomjua Mtume (s.a.w.). Kwa hivyo mama mwenye mtaji aliweza kupata faida bila ya kutoa saa zake njiani.

Sasa mtazame Bi Asma bint Abi Bakr, ambaye hakuwa na mtaji. Yeye mwenyewe amesimulia, na masimulizi yake yamo katika Bukhari, kwamba alipoolewa na Zubayr mume hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Asma alimlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, basi majirani zake, wanawake wa Kiansari, wakimuokea. Kisha akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la Zubayr, mwendo wa theluthi mbili za farsakh, kama kilomita 3 na zaidi kwa hesabu za leo. Na huyu ni mama: mwanawe Abdullah alizaliwa Quba mara tu baada ya Hijra. Hali ilibadilika pale babake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi. Asma alisema ilikuwa ni kama ameachwa huru.

Mimi nimeisoma hadithi hii mara nyingi chuoni, lakini niliifahamu siku niliyoisoma na hesabu ya saa mkononi. Ndani yake kuna umbali wa kazi, kuna jirani anayekusaidia, kuna kazi ya mume ambayo imeangukia kwa mke, na kuna mtu mmoja wa ziada ambaye akiingia nyumbani saa zote hubadilika. Mambo hayo manne nimeyakuta tena na tena, mpaka hapa kwetu Mombasa.

Haya, tuje kwetu. Pwani yetu ya zamani tunapenda kuisifu kwamba bibi zetu walikuwa wametunzwa ndani, hawatoki ila jioni na kwa stara. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini ndugu msomaji, jiulize: kama bibi muungwana hakutoka, maji yaliingiaje nyumbani? Kuni zililetwa na nani? Zililetwa na mwanamke mwingine, mtumwa, na huyo mara nyingi naye alikuwa mama. Utulivu wa mama mmoja uliegemea jasho la mama mwingine. Hili silisemi kwa kuwalaumu waliotangulia, lakini tusilipake rangi.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Hapo mambo yakageuka ndani ya nyumba nyingi. Waliokuwa watumwa sasa wanataka ujira, au wanaondoka kabisa kwenda kujitafutia: kusuka makuti, kuuza chakula kilichopikwa, kubeba maji kwa malipo. Nao mabibi wa kiungwana wenye uwezo mdogo wakabaki na kazi zote za nyumba mikononi mwao, na haja ya pesa juu yake, lakini ada haiwaruhusu kutoka. Kwa hivyo wakatafuta kazi ambayo mtu anaweza kuifanya ndani: kushona kofia, kusuka ukili wa mikeka, kupika vitu ambavyo mtoto mdogo atapelekwa kuviuza mlangoni. Wengine walikuwa wamerithi nyumba au sehemu ya nyumba, kwa sababu sheria ya mirathi ya Kiislamu ilimpa mwanamke fungu lake, wakawa wanakodisha vyumba. Na mji ulikuwa umejaa wapangaji, kwa kuwa ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa mwaka 1896 na bandari ya Kilindini nayo ikafuata.

Ukitaka kuwasikia wenyewe wakisimulia, kitafute kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotolewa 1989, chenye maisha ya bibi watatu wa Mombasa. Strobel alikuwa ameshaandika kabla yake, mwaka 1979, historia ya wanawake Waislamu wa mji huu kutoka 1890 mpaka 1975. Mimi nilivikuta kwenye maktaba ya chuo, vimejaa vumbi, na nikaona haya kidogo kwamba mgeni kutoka Marekani ndiye aliyekuja kuwauliza bibi zetu wakati sisi tumelala nao nyumba moja.

Angalia sifa ya kazi hizi za ndani. Kofia unaishona mtoto yuko mapajani. Akilia unaweka sindano, unamnyonyesha, unaendelea. Pato ni dogo, lakini saa ni zako. Kazi ya bandarini au ya ofisi ya serikali ya kikoloni haikuwa hivyo. Ile ina king'ora, ina msimamizi na kitabu cha mahudhurio. Mama mwenye mtoto anayenyonya hakuwa na nafasi humo hata kama angeruhusiwa, na elimu ya kuingilia hakupewa. Shule za wasichana wa Kiislamu zilichelewa sana pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza watu wa pwani waamke katika elimu, ya mabinti pia, na haikuwa rahisi kumsikiliza.

Jambo hili la kazi kuhama nyumbani halikuwa letu peke yetu. Kule Marekani kuna mwanahistoria wa uchumi aitwaye Claudia Goldin, ambaye mwaka 2023 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Yeye alichimba kumbukumbu za nchi yake za miaka kama 200, akakuta kwamba mstari wa kazi za wake walioolewa unafanana na herufi U. Zama za mashamba walifanya kazi wengi, kwa sababu shamba na nyumba ni pahali pamoja. Viwanda vilipokuja mstari ukashuka, kwani kiwanda hakiwezi kuunganishwa na mtoto. Ulipanda tena karne ya 20, kazi za ofisi na elimu zilipoongezeka. Sisi tulifundishwa kwamba maendeleo yanampandisha mwanamke hatua kwa hatua kama ngazi. Kumbe hata huko kuna kuteremka.

Tena sheria na vikwazo vya waajiri vilitia mkono. Ireland, kwa mfano, mwanamke mtumishi wa serikali akiolewa alilazimika kuacha kazi, na kikwazo hicho kiliondolewa 1973 tu. Na hapa Kenya, tazama Sheria ya Ajira ya 1976. Ilimpa mama aliyejifungua miezi 2 ya likizo na mshahara kamili, jambo zuri, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Kana kwamba kujifungua ni kwenda kupunga upepo! Sheria hiyo pia ilikuwa na kifungu cha kuzuia wanawake wasiajiriwe usiku viwandani ila kwa masharti maalumu. Sheria ya Ajira ya 2007 ndiyo iliyokuja na miezi 3 ya uzazi bila kugusa likizo ya mwaka, ikampa na baba wiki 2, na kizuizi cha usiku kikabaki kwa watoto. Kisha Sheria ya Afya ya 2017 ikawataka waajiri waweke chumba cha mama kunyonyeshea.

Kwenye karatasi ni safi. Mama yangu mdogo alikuwa akishona katika kiwanda kimoja cha nguo. Unajua viwanda vya namna hii vilivyoongezeka Kenya baada ya Marekani kufungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000, na wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Alijifungua, akarudi baada ya miezi 3. Mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi, ulipokwisha haukuandikwa upya. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa kwa ajili ya mtoto. Aliambiwa kazi zimepungua. Lakini wiki zile za mwisho alikuwa akiulizwa kila jioni kama anaweza kubaki kwa kazi ya ziada, na kila jioni alijibu hapana, maziwa yamejaa na mtoto yuko kwa jirani. Goldin ameyaandika haya kwa nchi yake: pengo la mishahara baina ya mke na mume hupanuka zaidi mtoto wa kwanza akizaliwa, kwa kuwa kazi nyingi humlipa vizuri yule anayeweza kuitwa wakati wowote. Yeye huziita kazi zenye uroho. Mama mdogo hajamsoma Goldin, lakini somo analijua.

Sasa nifike pale panaponiuma mimi, na hapa utanisamehe nikikaa kidogo.

Mwisho wa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa, kwa wastani, watoto kama 8. Utafiti wa taifa wa 2003 ulipata 4.9, wa 2014 ukapata 3.9, na wa 2022 ukapata 3.4. Wataalamu husema, na ni kweli, kwamba mama mwenye watoto wachache ana miaka michache ya kunyonyesha na kubeba, kwa hivyo anapata nafasi zaidi ya kazi. Lakini kuna upande wa pili. Katika nyumba ya watoto 8, mtoto wa 5 anabebwa na nani? Anabebwa na dada yake. Yaya wa maskini tangu zamani ni binti mkubwa.

Januari 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, watoto wakamiminika madarasani, na mabinti wakubwa wengi wakawa shuleni asubuhi. Alhamdulillah. Lakini karai la mama halikuacha kuwaka, na mtoto mchanga hakuacha kuamka. Basi kazi ya binti haikufutwa, ilisogezwa ikaja alasiri. Na alasiri ni saa ya madrasa.

Mimi ndiye binti mkubwa nyumbani. Nilipokuwa na miaka 9 alizaliwa ndugu yangu wa mwisho, na mama hakuweza kukaa mbali na karai la mafuta ya moto huku mtoto anatambaa. Nikawa nampeleka madrasa, nimemfunga kwa leso mgongoni. Ustadha wetu, Mungu amlipe, alinikubalia nikae mlangoni ili akilia nitoke bila kuwasumbua wenzangu. Juzuu Amma niliihifadhi pale mlangoni. Nikifika katikati ya sura, mtoto analia, natoka, nambembeleza chini ya mwarobaini, narudi, wenzangu wamekwisha sura ile na wameingia nyingine. Mpaka leo kuna sura nazijua mwanzo na mwisho, katikati nababaika. Wenzangu wa kiume wa darasa lile hawakuwa na mtoto mgongoni hata mmoja wao. Kaka yangu, aliyenifuata kwa mwaka mmoja, alikaa safu ya mbele.

Sisemi haya kumlaumu mama. Zile mahamri ndizo karo yangu. Lakini ukiniuliza saa 4 za viazi karai zilitoka wapi, nitakwambia zilitoka kwangu. Saa za mama hazishuki kutoka mbinguni, lazima kuna mtu amezitoa: mtumwa, jirani, bibi, binti. Hata mama wa mtaani kwetu anayekwenda Saudia kuwa kadama, kulea watoto wa wenzake huko, saa zake zote zimetolewa na nyanya aliyebaki na wajukuu Kisauni.

Kuna utafiti mmoja uliofanywa Korogocho, Nairobi, ukachapishwa 2019, ambao ningependa kila kamati ya msikiti iusome. Watafiti waliwachagua kwa bahati nasibu kina mama wenye watoto wadogo, baadhi wakapewa vocha ya kumweka mtoto katika kituo cha kulelea cha jirani, baadhi wasipewe. Waliopewa walipata kazi kwa wingi zaidi, tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Hapo mtu atasema, mnawatoa kina mama majumbani. Ngoja. Walioongezeka kazini walikuwa zaidi wale walioolewa. Mama wasio na waume, ambao tayari walikuwa wakihangaika, walipunguza saa zao za kazi bila pato kupungua, kwa sababu waliweza kuhamia kazi zenye saa za kueleweka. Soma tena hapo. Mtoto alipopata pahali salama, mama mjane au aliyeachwa alifanya kazi saa chache zaidi. Wanaohofia kwamba kituo cha watoto kitamtoa mama nyumbani, kwa huyu kilimrudisha.

Ramadhan ndio mwezi wa kuliona hili kwa macho. Baada ya alasiri pita Majengo au Bondeni uwatazame kina mama wenye sambusa, kaimati na viazi. Ni mwezi wao wa soko, na ni saa ile ile ambayo nyumbani futari inataka kupikwa. Mama yangu hulipanga hivi: uji na tambi za nyumbani huzipika saa 6 mchana, akazifunika, ili alasiri iwe ya wateja. Hufuturu kwa tende moja na maji pale pale penye meza yake, tukila sisi nyumbani. Nimekua nikidhani anapenda hivyo.

Mwaka jana katika kikao cha vijana nililileta pendekezo. Madrasa yetu ina vyumba viwili vinavyokaa vitupu kuanzia asubuhi mpaka saa 8 mchana. Tuvifanye pahali pa kulelea watoto wa mtaa, tuweke walezi wawili walipwe kwa mchango na ada ndogo. Lilijadiliwa vizuri, nashukuru, japo ndugu mmoja alitaka kujua kina baba watasema nini. Tukakubaliana kwanza tuwaulize kina mama wenyewe. Nikapewa daftari nikapite nyumba kwa nyumba, na suali nililoandika lilikuwa moja: ungehitaji saa ngapi mpaka saa ngapi?

Nilitarajia waseme saa 2 mpaka saa 8. Wapo waliosema hivyo, wa maofisini na wa madukani. Lakini wengi wa mtaa wetu, wa mahamri, wa kufua nguo za watu, wa Marikiti, walitaja saa ambazo madrasa imefungwa na walezi wamelala: saa 9 za usiku mpaka kuche, na alasiri mpaka magharibi. Mama yangu naye nilimuuliza kama wengine, nikiwa na daftari. Alifikiri kidogo, akasema alasiri, zamani, wakati ule mdogo wako alipokuwa akitambaa.

Daftari bado liko kwangu. Kikao kijacho ni baada ya Idi, na safari hii tunazungumza juu ya ile alasiri.